Mstari Kando ya Jiwe la Mama

Mimi nakata zege. Nalisema mapema tusipotezeane muda, maana watu wakiniona na grinda begani huniuliza nampelekea fundi gani. Simpelekei mtu. Grinda ni yangu na fundi ni mimi, na kwa Mwanza hii nikikuambia sakafu yako itapasuka, anza kutafuta pa kuhamishia vitu. Nimekata sakafu za maghala Mkolani, nimekata vyumba vya kuhifadhia samaki huko chini ziwani, na hakuna aliyewahi kuniita nirudie kazi.

Kazi yenyewe ukiielezea ni ndogo. Zege likipata jua linatanuka, likipoa linasinyaa. Ukilibana pande zote litafanya linachotaka lenyewe: litapasuka, au litainuka. Kwa hiyo tunalikatia mistari, sisi tunaiita jointi, ili lipate pa kwenda. Mwenye sakafu haoni faida yake. Kuna mzee mmoja alinifukuza kabisa, eti nimekuja kumchana sakafu yake mpya. Nilimwacha, nikamwambia tutaonana, na tulionana.

Lakini sakafu iliyonitia adabu haikuwa ya ghala. Ni ya uchochoro wa mama yangu, Igogo, hatua kama kumi na tano kwa urefu, na upana haufiki futi tatu.

Anayeijua Mwanza hahitaji kuelezwa habari za mawe. Nyumba yetu imejengwa kando ya jiwe linaloizidi kimo. Upande huu ukuta, upande ule jiwe, katikati uchochoro unaotoka mlango wa jikoni hadi barabarani. Njia nyingine hakuna, kwa sababu nyuma ya nyumba ni mwamba mtupu. Katikati ya uchochoro jiwe limechomoza, pale tunapaita puani, na mtu mnene akifika puani anapita ubavuubavu huku amebana pumzi. Juu ya jiwe mama huanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kukaushwa, na tangu tukiwa wadogo ilikuwa marufuku kutema mate karibu na jiwe lile. Marehemu baba aliwahi kutaka kulivunja kwa njia ya huku kwetu: unakoka moto wa magogo juu yake, likishika joto unalimwagia maji, linaachia. Mama akamwambia awashe tu, lakini aanze kumrudisha yeye kwao. Baba akazirudisha kuni jikoni.

Miaka kumi iliyopita, nikiwa ndiyo kwanza najifunza ufundi, mama alinipa uchochoro ule nimwage zege. Wakati huo ulikuwa udongo mtupu, mvua ikinyesha unateleza hatari. Mtaa mzima ulikuwa unamsema: binti gani huyu anashinda na karai na koleo? Mama akasema atawaonyesha. Ilikuwa sakafu yangu ya kwanza kabisa, na niliimwaga kwa moyo wote. Nilibananisha zege na jiwe. Si hivyo tu, nilitoboa jiwe, nikachomeka nondo, nikaifunga sakafu na jiwe viwe kitu kimoja. Mafundi wengi wa huku wanafanya hivyo mpaka leo, kwa sababu hatujui kitu kigumu kuliko jiwe, na mtu akisema sakafu yake imeshikwa na jiwe unaona huyo kamaliza. Nilisimama mbele ya majirani nikajipiga kifua: "Hii imefungwa na jiwe. Haiendi popote!" Mama akapiga vigelegele. Mimi kichwa kikanivimba wiki nzima.

Baada ya miaka ikainuka. Pale pale puani zege lilipasuka, na upande mmoja ukanyanyuka kimo cha kidole gumba. Wakati huo nilishaingia kwenye kazi za maghala, jointi nilikuwa naijua kama jina langu, na nilipoutazama ule mwinuko sikuhitaji kuambiwa na mtu. Jua linapiga jiwe tangu asubuhi, zege linatanuka, huku jiwe, huku ukuta, liende wapi? Nikamwambia mama nitakuja kulirekebisha. Nilisema hivyo Pasaka. Nikasema tena Krismasi. Kazi za watu zilinibana, na kazi ya nyumbani si unajua, ina subira.

Mwaka jana mama akaanguka uchochoroni, akavunjika nyonga.

Alisema ni kizunguzungu. Alimwambia daktari kizunguzungu, akamwambia mchungaji kizunguzungu, na mimi akaniambia kizunguzungu huku ananitazama usoni bila kupepesa. Wakampima presha, presha safi. Akasema basi litakuwa jua. Nami nikakubali. Nitasema ukweli wangu hapa: nilikubali haraka kwa sababu ilinifaa kukubali.

Alirudi kutoka hospitali na mkongojo. Ndani ya nyumba alitembea, tena alitembea vizuri, anatoka chumbani, anapita sebuleni, anafika jikoni, anageuka. Mlango wa jikoni hakuuvuka. Mama huyu ndiye aliyekuwa akishinda barabarani na sinia lake la karanga, anajua nani kaoa, nani kahama, nani kanunua godoro jipya. Sasa akakaa kwenye kigoda jikoni anasimuliwa na majirani wanaokuja kumchungulia dirishani. Ukimwambia twende nje kidogo ukapigwe na upepo, anasema kesho. Daktari alituambia wazi: asipotembea masafa, ile miguu itakufa, na akishalala kitandani hataamka tena. Nililia siku ile, ila nililia nje ya geti la hospitali ambako hakuna anayenijua.

Ndipo mimi na mdogo wangu wa kiume, fundi pikipiki, tukakubaliana sakafu ya zamani ivunjwe imwagwe mpya. Mama tukambana, akaahidi: "Mkinitengenezea njia, nitatoka." Mpango ulikuwa mdogo wangu avunje na kushindilia kifusi, mimi nikitoka Sengerema, ambako nilikuwa nakata sakafu ya ghala la mpunga, tumwage pamoja.

Nilifika saa nane mchana. Grinda kubwa begani, ndogo kwenye mfuko, jasho mpaka kisogoni. Nikiwa bado barabarani nikaliona zege. Limemwagwa tayari, limesawazishwa, linang'aa.

Mdogo wangu akaja anacheka mpaka jino la mwisho. "Shikamoo dada! Sapraizi!"

"Mmemaliza saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Nimeleta vijana wa kazi tangu alfajiri. Umeona lilivyonyooka?"

"Jointi iko wapi?"

"Jointi ya nini tena? Tumelifunga na jiwe, dada. Nondo sita. Haliendi popote!"

Damu ikanipanda. Jamani, mimi nikikasirika nasikika mpaka sokoni, na siku ile nadhani nilisikika ng'ambo ya ziwa. Nilimwuliza kama ana akili. Nilimwuliza nani alimtuma, zege na pikipiki wapi na wapi, nani katika dunia hii alimfundisha kufunga sakafu na jiwe.

"Wewe," akasema.

"Mimi?"

"Wewe ndiye ulimwaga hivi. Mimi nilikuwa nakuchotea maji. Nondo sita, nilizihesabu. Nimefanya kila kitu kama ulivyofanya wewe."

Zilikuwa sita kweli.

Sauti ya mama ikatoka jikoni. "Mnagombana nini huko?"

"Hatugombani, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia mnagombana."

Nikasogea nimchungulie. Mama amekaa kwenye kigoda, amevaa kitenge chake cha kutokea, na kwenye kizingiti viatu vyake vya Jumapili vimepangwa, ncha zimeelekea nje. Mwaka mzima viatu vile vilikuwa uvunguni.

"Likikauka natoka," akasema. "Nimewaahidi, si nimewaahidi?"

Nikarudi uchochoroni, nikatoa msumari mfukoni. Ndivyo ninavyolipima zege siku zote. Ukilichora likakokota kokoto, ni bichi mno, ukikata kingo zitamomonyoka. Ukilichora likaacha mstari mweupe, mwembamba, liko tayari. Likikataa kabisa kuchorwa, umechelewa. Nikachora upande wa ukuta: mstari mweupe. Nikachora upande wa jiwe, ambako joto linakaa: mstari mweupe lakini kwa shida. Nikainama puani, nikaona kitu ambacho sikutaka kukiona. Unywele. Ufa mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye ncha ya jiwe, umekwenda kidogo, ukasimama. Mahali pale pale pa mwanzo.

Mdogo wangu akauona pia, akanywea. "Basi tulivunje, dada. Tuanze upya."

Mama masikio yake hayazeeki. "Mkivunja tena mimi sitoki!" akapiga kelele. "Nimechoka na nyundo! Viatu vyangu narudisha!"

Na nilimjua mama yangu. Vikirudi uvunguni, vimerudi.

Hesabu ilikuwa moja tu. Zege hilo lilipaswa kukatwa siku hiyo, tena mpaka chini kabisa, inchi zote nne, kufuata jiwe lote na kukatiza puani. Kesho yake lingekuwa limekaza, na mashine inayokata zege lililokaza ina matairi na mpini, haiingii kwenye futi tatu, sembuse puani. Likiwa bado changa, grinda inakwenda zaidi ya nusu, na nusu iliyobaki unaitoa kwa tindo na nyundo ya taratibu. Nilikuwa na saa tatu, labda nne. Nikafunga kanga kiunoni.

"Leta ule ubao wa kitanda," nikamwambia mdogo wangu. "Na godoro dogo. Na waya wa umeme uvute kutokea sebuleni, upite dirishani, nisiukanyage."

Ubao nikautandika juu ya zege nisije nikalitoboa kwa magoti, godoro juu ya ubao. Nikavaa miwani na barakoa. Grinda kubwa ikaanza kuimba upande wa barabarani, na mpaka pale uchochoro ulipoanza kujibana nilikwenda vizuri, kiganja kimoja kutoka kwenye jiwe, maana jiwe lina mikunjo yake na diski haikunji. Unakata mstari ulionyooka, halafu kile kipande kati ya mstari na jiwe unakitoa kwa tindo. Nilikuwa nakata kinyumenyume, vumbi linaniingia mpaka kwenye meno, nami moyoni najisemea, mama, hii naijua, hii naijua kuliko mtu yeyote Mwanza.

Nilipokaribia puani grinda ikagoma. Si yenyewe, ni nafasi. Mwili wa mashine unagonga ukuta kabla diski haijafika mahali pake. Nikaigeuza, kava la chuma linalokinga diski likagonga jiwe.

"Toa kava," akasema mdogo wangu. "Litaingia."

"Wewe toa kichwa chako kwanza, tuone kama utaingia!" Nimeona paja la fundi aliyetoa kava. Sitaki kulielezea. Kava halitoki, piga ua.

Nikaizima. Nikakaa juu ya godoro nikipatazama pale mahali. Halafu nikalala. Nililala ubavu, mgongo umeegemea jiwe, miguu nimeikunja kuelekea jikoni, nikachukua grinda ndogo kwa mkono wa kushoto, nami si mtu wa mkono wa kushoto. Kwa namna ile diski ilifika. Ilikata kidogo, kina cha kidole, nami natulia, nasogeza ubao, narudia. Nikaufanya ule unywele uwe mstari wangu: nilikata juu yake kabisa, kutoka kwenye ncha ya jiwe hadi ukutani, ufa usipate pa kuzurura. Jiwe lilikuwa la moto mgongoni. Mkono uliwaka mpaka begani. Nilijikaza kisabuni.

Halafu zikaja nondo sita. Tindo ikishuka inakutana na chuma, na nondo ikibaki imeshika jiwe na sakafu, mistari yangu yote ni mapambo. Nikabadilisha diski, nikaweka ya chuma, nikazikata moja moja, cheche zinaruka ukutani. Kila iliyokatika nilimtajia mdogo wangu namba kwa sauti. Nilipofika ya sita yeye naye alikuwa ananihesabia, na wapita njia wawili barabarani wamesimama wanahesabu bila kujua wanahesabu nini.

Tindo na nyundo tulipokezana. Yeye alikuwa na mikono laini ya kufungua karubureta, hilo namsifu, hakuvunja hata ukingo mmoja. Jua lilipokaribia kuzama nilipitisha kipande cha waya kwenye nafasi ile kutoka mwanzo hadi mwisho, kando ya jiwe, na kule puani kutoka jiweni hadi ukutani, na waya haukukwama popote. Nikajimwagia ndoo nzima ya maji nje pale pale na nguo zangu.

"Limepona?" mama akauliza.

"Limepona."

"Na kelele zile zote?"

"Nilikuwa nalipatia nafasi, mama."

Akaguna tu. Viatu vilibaki kizingitini.

Tulilifunika kwa magunia yenye maji wiki nzima, tukaliacha likauke, ndipo nikajaza nafasi zile mchanga na juu nikamimina lami ya moto. Lami inalegea, zege likitaka kutanuka inaliachia nafasi. Kila mchana jua likiwa kali nilikwenda puani nikachuchumaa nikalikagua na ukucha. Hakuna ufa, hakuna mwinuko. Ukilipitishia kiganja huhisi kitu, unaona mstari mweusi tu.

Siku ya siku ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mdogo wangu alitangulia barabarani kupanga kiti na sinia la karanga. Mimi nilibaki na mama. Alivaa viatu mwenyewe, akakataa nisimfungie, akasimama kizingitini, mkongojo mbele. Uchochoro ule hauruhusu watu wawili sambamba, kwa hiyo nilitangulia mimi kinyumenyume, uso wangu na uso wake, mikono nimeinyoosha endapo angeihitaji. Hakuihitaji. Alitembea taratibu, mkono mmoja unapapasa jiwe lake njia nzima.

Puani akasimama. Akauweka mkongojo juu ya mstari mweusi, akagonga mara mbili.

"Hapa ndipo nilipojikwaa," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri. "Si ulisema kizunguzungu?"

"Nilisema."

"Mama."

"Mtaa mzima unajua nani alimwaga sakafu hii. Nilipiga vigelegele mimi mwenyewe, wakasikia. Na wewe ndiyo kwanza wenye maghala walikuwa wameanza kukuita. Ningesema nimevunjwa nyonga na zege la mwanangu, nani angekuita tena?"

"Ndiyo ukae ndani mwaka mzima?"

"Sasa ningepitaje?" Akanitazama kama ninayeuliza jambo la kitoto. "Kila siku ningefika hapa naogopa, nainua mguu juu hivi, na watu wananiona kutoka barabarani. Wangejua tu."

Pasaka nilisema nitakuja. Krismasi nilisema nitakuja. Machozi yakaanza kunitoka, na pale huwezi hata kugeuka uyafiche.

Mama akaugonga tena mstari kwa mkongojo, safari hii kama anayejaribu uimara wake.

"Haya, sogea," akasema. "Unanizibia njia."

Nikasogea, kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka barabarani.